Dada Yangu wa Chumba Namba Tisa

Kwa miezi mitatu mizima niliamini, na niliamini kwa moyo wote, kwamba wakati wa tamasha la maigizo pale Tukuyu, mwanamume na mwanamke wakikutwa chumba kimoja hotelini bila cheti cha ndoa, wanachukuliwa walivyo, wanapandishwa jukwaani siku ya kufunga na kufungishwa ndoa mbele ya watu wote kabla ya igizo la mwisho. Mchungaji yupo, shehe yupo, mnachagua wenyewe. Na mahari inapangwa upya hapohapo, kwa bei ya ng'ombe ya siku hiyo.

Aliyeniambia ni utingo wa lori la ndizi, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni pale Kiwira. Alikuwa amelala gesti zote kati ya hapa na Dar es Salaam, kwa hiyo mambo ya hoteli tulimwachia yeye. Alisema ameona kwa macho yake bwana mmoja wa Ibighi akipandishwa jukwaani na ndala. Hiyo ndala ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayetunga uongo, nilijiambia, hawezi kukumbuka ndala.

Nami nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mimi na mama watoto tuna miaka kumi na tisa pamoja. Ng'ombe nilitoa, wakwe walipokea, watu walikula siku mbili mfululizo mpaka migomba ya kijiji kizima ikaomba likizo. Lakini cheti hatuna. Kila mwaka tulisema mwaka huu tunabariki ndoa, na kila mwaka kulikuwa na bati la kununua au mtoto wa kupeleka shule.

Na safari nilishaiahidi. Masomo ya jioni niliyaanza mvi zimeshanianza mimi. Kwenye Kiswahili tulisoma tamthilia, nami nikifika nyumbani nazirudia kwa sauti, niwe mfalme, niwe mganga, niwe hata mke wa mganga, mama watoto akipiga pasi. Yeye ndiye aliyejua mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza. Nikamwambia nikifaulu mtihani wa kidato cha nne, kiangazi kitakachofuata nampeleka kwenye tamasha, tukae hotelini siku mbili kama wageni. Nikafaulu. Si kwa kishindo kama ninavyosimulia sokoni, lakini nilifaulu.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mama watoto anafua mashuka ya gesti moja pale Kiwira, mwaka wa kumi na moja huu. Ukiyaunga mashuka aliyofua yanafunika Mlima Rungwe, na yanabaki ya kufunika mashamba ya chai ya chini yake. Hajawahi kulalia shuka la gesti lililofuliwa na mtu mwingine. Nilipomuuliza anataka kuona nini huko tamashani, hakutaja igizo lolote.

"Nataka niamke," alisema, "niache kitanda kama kilivyo, nitoke."

Nilipanga safari ile kama mtu anayesafirisha timu ya taifa. Nilichora jedwali kwenye daftari langu la jiografia. Ijumaa mchana tufike, alasiri igizo la kwanza. Jumamosi maigizo mawili, na katikati yake chai na maandazi. Hoteli iwe karibu na ukumbi tutembee kwa miguu, maana kiangazi cha Tukuyu ni jina tu, mwezi wa saba unavaa sweta mbili na meno bado yanagongana. Mama mkwe wangu angekuja kutoka Igogwe akae na watoto.

Siku ya kupiga simu hotelini, binti wa mapokezi aliniuliza vizuri tu kama ni watu wawili, chumba kimoja. Nikaliona jukwaa. Nikaiona ile ndala.

"Vyumba viwili," nikasema. "Mimi na dada yangu."

Sikumwambia mama watoto. Nilipanga kumwambia kesho yake, kisha Jumapili tukitoka kanisani, kisha akishamaliza kusuka. Akasuka. Akaazima begi kwa jirani. Akalipiga pasi gauni lake la kitenge mara mbili, yeye ambaye kwa pasi moja tu anaweza kunyoosha hata barabara ya Kiwira. Kila alichofanya kilinichoma, nami nikazidisha vichekesho, kwa kuwa ndivyo nilivyo: nikiwa na kosa nachangamka kupita kiasi. Angenitazama vizuri asingecheka. Lakini alicheka, kwa furaha ya safari.

Tulifika Ijumaa, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Binti wa mapokezi akafungua daftari la wageni, akaweka funguo mbili kaunta. Mimi namba mbili, akasema, na dada yangu namba tisa, mwisho kabisa wa korido.

Mama watoto alinitazama. Tulipoingia koridoni nikamnong'oneza habari yote, cheti, jukwaa, mchungaji na shehe, nikasema nilifanya hivi kumlinda yeye na aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua begi mkononi mwangu.

"Sawa, kaka," akasema.

Tangu hapo nikawa kaka. Kaka nisogezee chumvi. Kaka inamisha kichwa nione jukwaa. Igizo la alasiri lilimhusu mtu anayemshtaki jirani yake kwa sababu ya jogoo, na ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mimi. Upande wake wa pili alikaa mzee mmoja nadhifu, bwana shamba mstaafu, aliyefikia hoteli yetu. Kila palipochekesha mama watoto aligeukia kule. Miaka yote ya pasi na tamthilia alikuwa akinigeukia mimi.

Wakati wa chai ya jioni yule mzee akaja mezani kwetu na kikombe chake. Alinisalimia kwa heshima ambayo mtu aliyenizidi umri hajawahi kunipa. Kwetu mwanamke huombwa kwa ndugu zake, naye alimfuata ndugu. Akaeleza taratibu kwamba alifiwa na mkewe, kwamba ana migomba na ng'ombe wa maziwa, na watoto wake wanajitegemea.

"Sasa shemeji," akasema, chai ikanipalia, "huyu dada yetu ana mtu?"

"Anaye," nikasema.

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake niliusikia mdomo wangu ukieleza kwamba mume yupo, ila kwa sasa kazi imempeleka mbali kidogo.

Mama watoto akaweka kijiko chini. "Hayuko mbali, mzee," akasema. "Ni mwoga tu."

Mzee akaomba radhi, akarudi mezani kwake. Mama watoto akamaliza chai, akaenda namba tisa bila kuniaga. Jedwali langu lilisema baada ya chai tutazungumzia igizo.

Asubuhi nilikwenda kugonga kwake nikakuta mlango uko wazi na yeye hayumo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka limevutwa, pembe zimekunjwa kama zinavyokunjwa gesti, mto umepigwapigwa ukakaa sawa. Nilisimama pale nikitafuta kichekesho, mimi ambaye nimewahi kuchekesha watu msibani, nikakikosa. Mtu alitamani kitu kimoja tu, nami nimemleta hotelini akafanye kazi ileile.

Nilimkuta mapokezi, begi begani, ufunguo wake ameshauweka kaunta. Alikuwa anauliza magari ya Kiwira yanapita saa ngapi. Bwana shamba alikuwa hatua tatu kutoka hapo na mkate wake, na waigizaji wawili wa jana wakinywa uji.

Nikaishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Huyu si dada yangu," nikamwambia binti, kwa sauti waliyoisikia mpaka jikoni. "Ni mke wangu, mwaka wa kumi na tisa. Ng'ombe nilitoa, cheti hatuna. Kama ni kupandishwa jukwaani tuko tayari, ila aruhusiwe kulala chumba kimoja na mimi leo, na kesho kitanda asitandike yeye."

Bwana shamba akauangalia mkate wake. Mama watoto hakunitazama bado, lakini alilishusha begi, akaliweka chini kati ya miguu yetu.

Binti alitutazama mmoja mmoja.

"Cheti cha nini, baba?" akauliza. "Hapa hatumwombi mtu cheti cha ndoa. Tunaandika jina na namba ya kitambulisho."