Aliyevunja Mitungi ya Bahla

Siku tuliyomletea baba gari mpya, aligombana nayo kabla hajatoka nje ya geti. Alitia gia ya nyuma, gari ikapiga kelele kwamba kuna kitu. Kitu chenyewe nilikuwa mimi, nimesimama pembeni na chetezo mkononi, naifukizia udi isije ikapata jicho la mtu. Baba akateremsha kioo, akaniuliza, "Hii imenunuliwa kunisaidia mie au kunisengenya?"

Alikuwa na miaka themanini na moja. Ameendesha tangu ujana wake Unguja, na hapa Oman tangu barabara nyingi hazijatiwa lami, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kugonga hata kuku. Mimi namkumbuka kuku mmoja, ila hapa si pahala pake.

Aliyeichagua gari ni mdogo wangu. Kazi yake ni mitambo ya kompyuta katika ofisi moja hapa Nizwa, na chochote chenye kioo cha kugusa anakiamini kuliko anavyotuamini sisi nduguze. Gari ile inajifunga breki ikiona kitu mbele, inauvuta usukani ukianza kutoka kwenye mstari, na inamtazama dereva usoni asije akasinzia. Ilikuja na sharti moja, ambalo mdogo wangu alilitamka mbele yetu sote.

"Mkwaruzo mmoja tu, baba, na funguo unatupa sisi."

Baba alikubali, lakini funguo alizitia mfukoni haraka. Kila Alhamisi asubuhi huenda Ibra kwa dada yake, shangazi yangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kutoka nje. Hukaa sebuleni wakazungumza Kiswahili cha mjini cha zamani, ambacho watoto wetu hawakijui na mimi mwenyewe nakibahatisha, na shangazi humkaripia baba kama kwamba bado ana miaka saba. Hajabaki mtu mwingine duniani wa kumkaripia. Sisi wanawe Alhamisi tuko kazini, na ile ahadi yetu ya "wiki ijayo inshaallah" baba anaijua ilivyo. Kumnyang'anya funguo kulikuwa ni kumnyang'anya Alhamisi yake.

Miezi miwili ya mwanzo waliishi kwa ugomvi. Gari ikilia, baba anaijibu. Usukani ukivutwa, naye anauvuta kwake, tukawa tunakwenda kama watu wawili wanaogombania shuka. Kilichowapatanisha ni kahawa. Gari ikidhani dereva amechoka, huonyesha picha ya kikombe kinachotoka moshi. Baba hasomi maandishi madogo bila miwani, lakini Jumamosi moja tukiwa njiani kikombe alikiona vizuri. Akatoka barabarani, akazima gari, akaniambia nimpe thamosi.

"Baba, inasema upumzike tu."

"Mwanangu, nimekaribishwa kahawa. Nkatae?"

Hapa kwetu kuikataa kahawa ya mtu ni jambo zito, nikamtolea thamosi. Alikunywa vikombe vitatu, kisha akakitikisa kikombe mbele ya kioo cha gari, kama tunavyomtikisia mwenye nyumba kumwonyesha kwamba tumetosheka. Safari za Ibra zikawa ndefu. Shangazi akaanza kupiga simu kuuliza kama barabara imehamishwa.

Kisha siku moja, tukirudi kutoka mji wa Adam kununua tende, ngamia alitokea nyuma ya lori lililokuwa limesimama. Gari ilijifunga breki yenyewe kabla baba hajanyanyua mguu. Ngamia alitutazama kwa dharau, akapita. Tangu siku hiyo mapenzi yakaanza, na mguu wake ukaingia uvivu. Akiegesha nyumbani alikuwa anauendea ukuta polepole mpaka gari ilie na isimame yenyewe, ndipo anazima. Mimi nilicheka, na sikumwambia mtu. Ningemwambia mdogo wangu, yaliyotokea baadaye yasingetokea. Lakini mdogo wangu angetuhutubia, nami hotuba zake nimezichoka tangu yuko darasa la nne.

Ijumaa moja, kwenye sinia ya wali, baba alimuuliza mdogo wangu swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba wiki nzima.

"Hii gari ikimgonga mtu, ataulizwa nani? Mie au yeye?"

"Dereva, baba. Kitabu cha gari kinasema hivyo. Hiyo mitambo ni msaada tu."

"Na walioitengeneza?"

"Wamekuandikia kwamba wewe ndiye dereva."

"Yaani wameiuza gari inayojua kusimama, halafu wakaandika kwamba haijui?"

"Wameandika kwamba usiitegemee."

"Khalas," baba alisema, akijipakulia samaki. "Basi ni kama nyie wanangu."

Tulicheka sote isipokuwa mdogo wangu.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Jirani yetu mmoja aliizunguka ile gari mara mbili, akaisifia rangi, akaisifia viti, na neno la mashaallah, la kukinga jicho, halikumtoka. Jioni ile ile nilikwenda dukani nikanunua stika ya maandishi ya dhahabu, pana kama kiganja, imeandikwa mashaallah kwa ajili ya hao wasioweza kulitamka. Niliibandika kwa nje juu ya kioo cha mbele, katikati, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia, ambako niliona pana nafasi isiyotumiwa na mtu. Sikujua kwamba hapo ndipo penye kamera, na kwamba jicho la mbele la gari ni hilo moja tu.

Kesho yake, Jumatano, nilikuwa na mapumziko ya siku moja kazini, tukawa tunakwenda Bahla kumnunulia shangazi chetezo kipya. Baba alipowasha gari, maandishi ya Kiingereza yakatokea. Nilisoma maneno mawili ya mwanzo, kitu kuhusu kamera. Gari ile kila siku ina lake la kulalamikia, mara vumbi, mara mkanda, mara mkoba wangu kwenye kiti cha nyuma inaudhania mtu. Nikabonyeza iondoke.

"Inasemaje?" baba aliuliza.

"Inakusalimia."

"Marahaba," baba aliiambia, tukaondoka.

Bahla kuna mfinyanzi ambaye baba humpenda kwa sababu hapunguzi bei wala hapandishi. Nje ya karakana yake alikuwa amepanga mitungi mikubwa safu moja, inakauka juani. Baba alitoka barabarani, akaiendea ile mitungi kwa mwendo wa kuegesha, ametulia, mikono iko vizuri kwenye usukani. Nilingoja gari ilie. Baba naye, kumbe, alikuwa anangoja hivyo hivyo. Mtungi wa kwanza ulianguka taratibu sana, ukauangusha wa pili, na tukaisikiliza yote kumi na mmoja ikianguka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

Mfinyanzi alitoka, mtu wa makamo, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Akatazama vigae. Akatutazama. Akatoa salamu, akatukaribisha ndani. Tulikaa kwenye mkeka, tende zikaja, kahawa ikaja, na zikaanza kuulizwa habari kwa Kiarabu kama ada inavyotaka. Habari zenu? Hatuna habari ila njema. Na huko mtokako? Hakuna ila kheri. Nilikuwa naviona vigae kupitia mlangoni, vimejaa mpaka kwenye tairi, na midomo yetu mitatu inaapa kwamba hakuna jipya. Niliuma shavu kwa ndani nisicheke. Ni mpaka baba alipotikisa kikombe ndipo mfinyanzi aliposema, kwa upole, "Sasa, kuhusu ile mitungi."

Ikabidi nimpigie mdogo wangu, maana bima iko kwa jina lake. Alifika kutoka Nizwa na karatasi za kujaza. Aliiangalia gari kwanza, baba baadaye. Hasira niliyoipata pale bado ninayo kidogo.

"Gari haiwezi kufanya hivi," alisema. "Wallahi haiwezi. Baba, tulikubaliana."

Baba aliitazama njia ya kurudi Nizwa, na nikajua anafikiria kesho ni Alhamisi.

Mdogo wangu alizunguka mbele ya gari, akasimama, akanyoosha kidole. "Nani amebandika hii?"

"Mimi," nilisema.

Nikawaeleza yote: jirani, stika, maandishi ya asubuhi, na vile nilivyomwambia baba kwamba gari inamsalimia. Sikuwa naona haya hata kidogo. Nilikuwa na furaha, maana nimepata njia. Kama kosa ni la stika, basi kosa ni langu, na baba anabaki na funguo zake. Hata mdogo wangu alishusha pumzi. Gari yake ilikuwa imetoka safi, na wa kuhutubiwa sasa ni mimi. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikamuuliza nani aliyeweka jicho moja kwa gari nzima. Akasema onyo lilitolewa, na kubonyeza ni kukubali. Nikamwambia, "Hiyo gari inaonya kila kitu mpaka mkoba, mtu atajua vipi lini inasema kweli?" Tukaanza kupaza sauti. Mfinyanzi aliketi kwenye kizingiti akitusikiliza kwa makini, ingawa Kiswahili hakijui.

Mwishowe nikachukua kalamu niandike kwenye ile karatasi, pale panapoulizwa sababu. Baba akaitwaa kalamu mkononi mwangu.

"Ile mitungi niliiona," alisema. "Toka tulipotoka barabarani nimeiona. Kumi na mmoja, nimeihesabu. Nikangoja gari isimame."

"Baba, gari ilikuwa haioni. Mimi ndiye..."

"Mie nilikuwa naona." Alivaa miwani yake. "Nyie mnanitetea, nami nashukuru. Lakini kama aliyevunja ni gari, au ni stika yako, basi mie mle ndani nilikuwa nani? Kapu la tende? Dereva nilikuwa mie. Mguu n'nao, na nimeuweka pembeni."

Aliandika jina lake, kwa ile hati yake nzuri ya shule ya zamani, penye nafasi ya mwenye kosa. Kisha akamgeukia mfinyanzi, akamweleza ugomvi wetu kwa Kiarabu, akamwomba radhi, na akaahidi kuja mwenyewe kuilipa mitungi. Mfinyanzi alisema watu anaowajua yeye kosa hulikimbia, hajapata kuona wawili wanalivutana. Akatufungia chetezo cha shangazi kwa gazeti.

Baba akatoa funguo kwenye mfuko wa kanzu. Mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha mkono. Baba akampita, akaniwekea mimi kiganjani. "Shika weye," alisema, akaenda kukaa kiti cha abiria, na mimi ndiye niliyelia, njia nzima, nikiendesha.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikampeleka Ibra. Stika nilikuwa nimeshaibandua, lakini baba aliniambia nizime kila mtambo wa gari unaozimika, nami nikazima. Alikaa kiti cha abiria, mikono magotini. Mguu wake wa kulia tu ndio uliokuwa na kazi. Mbuzi walitokea kando ya njia, na kabla sijawaona, mguu wa baba ulikuwa umeshakanyaga zulia. Lori likapunguza mwendo mbele yetu, mguu ukakanyaga. Mtu alifungua mlango wa gari iliyosimama, mguu ukakanyaga. Kila mara alikuwa ameniwahi. Mimi nina miaka hamsini na tatu na macho mazima, na mzee wa themanini na moja ananiwahi kwa zulia tupu.

Nilivumilia mpaka mji wa Sinaw. Hapo nikatoka barabarani, nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango.

"Nimechoka," nilimwambia.

Alinitazama usoni. Anajua nikiongopa, ameniona naongopa tangu nikiwa na meno ya maziwa. Akashuka polepole, akaenda upande wa pili, akavuta kiti mbele, akafunga mkanda. Tulifika Ibra shangazi hajaanza hata kupiga simu.

Na hivyo ndivyo tunavyokwenda sasa, Alhamisi nikipata ruhusa, Jumamosi nikiikosa. Mdogo wangu akiniuliza funguo anazo nani, namwambia ninazo mimi, na ni kweli, ziko kwenye mkoba wangu. Niliambiwa nizishike. Upande wa kukaa sikuambiwa. Na siku tukigonga kitu, Mungu apishe mbali, baba atasema ni yeye. Nami nimeshajizoeza kusema ni mimi, kabla yake.