Mama Alivyonipasulia Mifupa

Mama yangu alikuwa na hoteli ndogo ya supu kwetu, sokoni Zombe. Mimi, katika miaka ya themanini, nilikuwa Nairobi nikisomea hesabu chuo kikuu. Utafiti wangu ulihusu uboho, ule ute ulio ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Nilitaka kukokotoa jinsi oksijeni inavyopungua ikitoka kwenye mshipa wa damu na kupenya kati ya seli, maana kila seli huchukua yake na kuziachia kidogo zilizo mbele.

Nilikwama. Kompyuta ilinitolea karatasi ndefu zilizojaa sifuri: oksijeni iliisha kabla haijafika nusu ya njia. Mwalimu aliyenisimamia alizitazama, akasema, "Kwa hesabu hii, mnyama wako alikufa zamani."

Nilirudi nyumbani likizo nimenuna. Mama hakuniuliza mengi. Alinipa kisu nimenye viazi, naye akaendelea kupasua mifupa ya mbuzi kwa shoka.

"Hiyo shida yako iko wapi hasa?" aliniuliza siku ya tatu.

Nikamweleza kwa Kikamba, nikitafuta maneno. Nilimwambia kwamba nimechukulia uboho wote ni mmoja, na kila sehemu yake inakula hewa sawasawa.

Aliweka shoka chini. "Nani alikuambia ni sawasawa?"

Akachukua mfupa wa paja wa mbuzi mzee, akaupasua kwa urefu juu ya gogo. Katikati palikuwa na rangi ya manjano, mafuta matupu. Wekundu ulibaki kwenye ncha tu. Kisha akapasua wa mwana-mbuzi. Huo ulikuwa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya mafuta yamelala," alisema. "Na aliyelala hali chakula kama anayelima."

Habari ya mafuta hayo nilikuwa nimeisoma kitabuni, nikaipita. Nilinawa mikono, nikaketi kwenye meza ya wateja, nikaanza upya: sehemu nyekundu na ulaji wake, sehemu ya mafuta na ulaji wake. Wateja wawili walipotaka kuketi, Mama aliwahamisha.

"Mwacheni, yuko kazini."

Niliporudi Nairobi, kompyuta ilionyesha oksijeni iliyokuwa kidogo, lakini iliyofika mwisho wa njia. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliniuliza wazo la kuugawa uboho nililipata wapi.

"Kwa mama yangu," nikasema. "Anapika supu."

Alicheka, akidhani natania. Mimi sikucheka. Nilimweleza ile mifupa miwili, mmoja baada ya mwingine, mpaka akachukua kalamu akaandika.

Tasnifu ilipotiwa jalada niliipeleka Zombe. Mama hakusoma Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria ukurasa wa shukrani, pale nilipomtaja. Alifuta mikono kwa leso, akafunika sufuria.

"Simama," alisema. "Soma tena, hata walio nje wasikie."

Nikasimama katikati ya hoteli, nikasoma kwa sauti.