Alama Nyekundu ya Reli Kwenye Ukuta wa Shangazi

Niliondoka Voi kwa sababu shangazi yangu alikuwa hapati usingizi mvua ikinyesha. Hiyo ndiyo sababu, wala hakuna nyingine, ingawa najua nyinyi wenzangu wa jikoni mlisema Riziki amechoka kusonga ugali wa shule na anakwenda kuota jua Diani. Kaka yangu Bakari alinipigia simu akasema paa la shangazi Mwanasha huko Munje limeoza, makuti yamebaki njiti tupu, na mwenyewe hataki liguswe mpaka mambo ya reli yajulikane. Na masika ndiyo hayo yameingia. Bakari alikuwa ameshindwa naye, na katika ukoo wetu akishindwa Bakari huitwa mimi, kwa sababu ya huu mdomo wangu.

Kwa msiojua, miaka mitatu iliyopita walikuja watu wa mradi wakasema reli ya abiria itaongezwa kutoka upande wa Mombasa, ishuke pwani ya kusini mpaka Msambweni, ili mtu aweze kulala kwake kijijini na kazi aifanye mjini. Nyumba zilizo kwenye njia zikapigwa alama za rangi nyekundu. Nyumba ya shangazi ni mojawapo. Tangu hapo watu wanangoja.

Alhamisi, saa saba mchana, nilipanda treni pale stesheni ya Voi. Nilipata kiti cha dirishani, nikala mahamri yangu kwa raha zangu, na tulipofika Mariakani nilikuwa nimeshasamehe nusu ya watu niliowakasirikia. Nasema haya msije mkadhani naichukia reli. Nilishukuru Mungu kwa kiti kile, na nikatamani kingenifikisha mpaka mlangoni kwa shangazi. Kutoka Miritini nilichukua gari linalopita Dongo Kundu, nikaepuka foleni ya kivuko.

Saa kumi na moja nilikuwa Ukunda. Bakari ndiye aliyenipokea kwa tuktuk yake, maana hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Njiani kuelekea Munje alinionyesha vigingi vya wapimaji, vingine huku, vingine kule, kila kundi na mwaka wake. Alisema kwanza njia ilipitishwa juu, upande wa vilima, ikaonekana madaraja yatakuwa ghali. Ikateremshwa karibu na bahari, kumbe huko nako bei ya ardhi imepaa. Ikapandishwa tena kidogo. Kila ikihamishwa watu huitwa barazani, na kila wakitoka barazani kila mmoja huwa amesikia lake.

Jua lilikuwa likizama tulipofika. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, shangazi akaitikia marahaba, kisha akaniuliza habari za Voi, za watoto, za mume, za kazi, na za watu ambao hata mimi nilikuwa nimeshawasahau. Shangazi ni dada mdogo wa marehemu baba, na ndiye aliyetulea mimi na Bakari. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikula mpaka nikaona haya. Lakini nilipoinua macho niliziona nyota kupitia paani, na kitanda chake cha kamba kilikuwa katikati ya chumba, mahali pasipo na maana yoyote kuweka kitanda. Aliniambia hapo ndipo palipobaki pasipovuja.

Ijumaa alfajiri ilishuka mvua. Mimi niliyekuja kuokoa ndiye niliyelowa kwanza. Shangazi, masikini, aliamka, akapanga sufuria zake mahali anapopajua kwa moyo, akajifunika leso, akakaa juu ya kigoda karibu na mlango kungoja pakuche. Nikatambua kwamba amezoea. Hilo ndilo lililoniuma.

Palipopambazuka nilitoka nje kuitazama hiyo alama. Namba na herufi za rangi nyekundu, zimekolea kana kwamba zimeandikwa jana, na juu yake, jamani, kimejengwa kijipaa. Kipande cha makuti mapya, kimesukwa vizuri, kimefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi ili mvua isiipige ile rangi. Ukuta wote wa nyumba umelia michirizi, alama ya mradi imekauka! Hasira zilinipanda, nanyi hasira zangu mnazijua. Nikamuuliza shangazi ni nani aliyemroga hata akaezeka namba na kujiacha yeye.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtoto asiyefundishwa.

“Yule kijana alipoiandika aliniambia, ‘Mama, tutunzie hii, isifutike.’ Nikamjibu inshallah. Na barazani tukaambiwa nyumba zenye alama zibaki kama zilivyo. Sasa nikiezeka, itakuwa imebaki ilivyo?”

Nikamwambia basi, nakwenda ofisini kwao leo hii, nitamletea ruhusa. Akatikisa kichwa.

“Amana hurudi kwa aliyeiweka, Riziki. Neno lake ukiniletea wewe, bado ni lako.”

Huko kwetu ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa nimesahau kwa kukaa sana bara. Mtu akikuachia kitu, hata kuku, huwezi kumkabidhi ndugu yake wala jirani yake, ila yeye mwenyewe. Shangazi alikuwa amepewa namba aitunze, akaitunza. Majirani walikuja mara mbili kumwezekea, akawashukuru, akawapa chai, akawarudisha.

Saa tatu nilikuwa Ukunda tena, kwenye ofisi ya mradi, orofa ya juu ya duka la magodoro. Nilikuwa nimeunoa ulimi njia nzima. Nilimkuta mhandisi mmoja mtu wa bara, Wafula kwa jina, amezungukwa na ramani zilizoviringishwa kama mikeka ya sokoni. Alisimama akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya sanduku. Hapo tayari ulimi ukaanza kulegea.

Nilimuuliza reli inakuja au haiji. Akavuta pumzi. Akasema kila wakimaliza makadirio, chuma na saruji vinapanda bei, shilingi inashuka, na makaratasi yanarudi kutoka juu yakiwa na agizo la kupunguza. Wakitoa stesheni moja, njia inabadilika, na njia ikibadilika lazima ardhi ipimwe upya, nako kupima ni gharama. Alisema ni kama kumshonea nguo mtoto anayekua, ukimaliza pindo haimtoshi. Kwa sasa hakuna anayejua kama reli itakomea Ukunda, itafika Msambweni, au itabaki kwenye ramani.

Nikamuuliza la pili, lile lililonileta. Mtu mwenye alama anaruhusiwa kuezeka?

“Mama, kurekebisha paa kulikuwa ruhusa tangu siku ya kwanza,” akasema. “Tulikataza kujenga nyumba mpya, basi.”

Nikamweleza. Nilimweleza kijipaa, kigoda, sufuria na masika matatu. Sikupaza sauti hata kidogo, na mimi mwenyewe nilijishangaa. Alama za Munje alizipaka yeye mwenyewe, Wafula akasema, na maneno yale ya kutunza alama alikuwa akimwambia kila mtu, nyumba kwa nyumba, kwa mazoea tu. Hakudhani kuna atakayeyabeba hivyo. Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi.

Baada ya sala ya Ijumaa Bakari alitupakia. Tulipofika, Wafula alisimama mbele ya ule ukuta, akakitazama kile kijipaa, akavua kofia. Halafu akaenda kumwamkia shangazi shikamoo kwa kuchutama, Kiswahili chake cha bara kikimkwamakwama. Akamwambia kosa ni lake, hakueleza vizuri, na kuezeka paa kulikuwa ruhusa siku zote. Akaomba radhi.

Mimi nilikuwa naogopa, nawaambia kweli. Si jambo dogo kuambiwa kwamba umelowa miaka mitatu bure.

“Treni itakuja?” shangazi akauliza.

“Sijui, mama. Kila tukikaa kupiga hesabu gharama zimepanda, na wakubwa hawajaamua. Nikikwambia inakuja nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia haiji, pia.”

“Ahsante, mwanangu. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui.” Akajifuta uso kwa ncha ya leso. “Radhi nimekupa. Amana yako umeikuta salama?”

“Nimeikuta salama, mama.”

“Basi mzigo nimeutua.”

Akamgeukia Bakari akamwambia awaite watu.

Jumamosi tangu saa moja asubuhi ilikuwa mweria, ndiyo kazi yetu ya pamoja ambayo halipwi mtu, hulishwa tu. Wanaume walipanda juu wakaangusha makuti mabovu, wanawake wakapitisha mapya yaliyokuwa yamesukwa na kuwekwa kwa majirani tangu mwaka jana, wakingoja siku shangazi atakapokubali. Mimi nilipewa mwiko. Nimetoka Voi kukimbia sufuria, nikakabidhiwa sufuria kubwa kuliko ya shule! Wafula alikuja tena, safari hii peke yake, na nguo za kazi, akafunga kamba vibaya mpaka kina mama wakamcheka na kumfundisha. Kabla ya magharibi nyumba ilikuwa imevaa. Alama ipo palepale ukutani, haikufutwa, maana njia bado haijaamuliwa.

Jumapili nilirudi kwa njia ileile. Ndani ya treni nilifikiri nitawaambia nini nilichojifunza, nikaona ni hiki: kuuliza si ujinga, na hata kungoja kunaulizwa. Uliza umeambiwa ungoje nini hasa, na kingine chote endelea nacho. Reli ikifika Munje nitaishukuru, nitashuka nayo na mizigo yangu yote. Kwa sasa nawashukuru watu wa Munje, namshukuru Bakari, na namshukuru yule kijana aliyekubali kusema hajui mbele ya mzee aliyemkosea.

Jumatano, nikiwa nanyi jikoni, simu iliita. Mliniona nikikaa chini kwenye gunia la maharagwe, mkauliza kuna msiba. Alikuwa shangazi.

“Riziki,” aliniambia, “majirani wanasema jana usiku ilinyesha mvua kubwa. Mimi sina habari.”