Kle ya Fa kwa Mama Mkwe

Orkestra yetu ya Uvira ilipoamua kucheza kipande cha Mjerumani mmoja wa zamani, wenzangu walipokea karatasi zao za noti na kuanza kuimba kidogo kidogo kwa furaha. Mimi niliitazama yangu nikadhani nimepewa ya mtu wa selo, ile fidla kubwa ya kuketi nayo. Napiga klarineti ya besi, ile ndefu iliyopinda chini kama kiko, yenye sauti nzito. Tangu nijifunze, noti zangu zilikuwa zikiandikwa kwa kle ya sol, na kle ndiyo alama inayokuambia kila noti inaitwaje. Sasa mbele yangu ilikuwa kle ya fa. Noti iliyokaa mstari wa pili, ambayo kwangu ni sol tangu utotoni, pale ilikuwa si.

Shefu wetu, anayetuongoza kwa kijiti, alinieleza kwamba Wajerumani wa zamani ndivyo walivyoiandikia klarineti ya besi, akanitakia kazi njema.

Nyumbani mke wangu hakuona shida yoyote. Mama yake ndiye anayepiga kinanda cha kanisa huko Kamanyola, na mkono wake wa kushoto husoma kle ya fa bila kufikiri. Akasema niende kwake.

Mtu wa kwetu ataelewa kwa nini nilisita. Mama mkwe hatukai naye tukatazamana, wala hatushikani mikono. Akija njia hii, mimi napata sababu ya kupita ile. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumesalimiana kwa mbali na kuulizana habari za watoto, basi. Sasa nikafundishwe naye kama mtoto wa shule ya primaire? Lakini mke wangu alikuwa amekwisha kupiga simu, na mama alikuwa amekwisha kupanga kila kitu.

Jumapili baada ya misa nilifika kanisani kwake na sanduku la klarineti mgongoni, vumbi la barabara ya uwanda limenijaa mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa ameketi kwenye kinanda, uso ukutani. Mke wangu alinionyesha benchi la nyuma, nikakaa nimeelekea mlangoni. Hivyo tukapeana migongo, heshima ikabaki mahali pake, na somo likaanza.

Alikuwa mwalimu mzuri. Alitaja noti, akazipiga, nami nikafuata. Shida ni kwamba klarineti yangu ni ya si bemol. Nikipiga noti ninayoiita do, sauti inayotoka ni si bemol, sauti nzima chini ya do ya kinanda. Ndivyo ilivyotengenezwa, na mwandishi wa muziki anajua hivyo anapoiandikia.

Mama hakujua. Alipiga do, nikapiga do yangu, kanisa likajaa mlio mbaya. Akasema kwa upole kwamba nimekosea. Ningemjibuje mama mkwe kwamba aliyekosea si mimi? Nikapiga re, sauti zikalingana, naye akasema, "Sasa iko muzuri." Basi mchana mzima nikapandisha kila noti kwa sauti nzima ili kumfurahisha. Tulipoagana alimwambia binti yake kwamba mukwe wake anashika upesi.

Kwenye mazoezi ya orkestra nilicheza kwa kujiamini kabisa, nimesahau kwamba ile sauti nzima niliyopandisha ilikuwa ya kumfurahisha mama tu. Shefu alisimamisha watu wote, akasema kuna mtu anacheza kipande kingine. Watu wa selo wakashukiwa kwanza, kisha ikajulikana ni mimi. Hata nilipojaribu kurudisha noti mahali pake, vidole vilikuwa vimezoea njia ya Kamanyola.

Jumapili iliyofuata nilirudi, nikakaa kwenye benchi langu, nikamweleza mama habari yote nikitazama mlango.

"Kumbe ulijua tangu siku ile?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini ulipiga re?"

"Weye ulisema do si yenyewe."

Nikasikia benchi la kinanda likilia, nikajua anacheka, na mke wangu naye akawa anacheka kwenye kitenge chake. Mama alipotulia aliomba nakala ya karatasi yangu, akaishusha yote kwa sauti nzima papo hapo, akiisoma na kuipiga kwa mkono wa kushoto. Mimi nikapiga noti kama zilivyoandikwa. Tukawa pamoja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jambo lingine. Wimbo unapanda kwa kle ya fa, noti ya si kisha ya do, halafu ghafla inaingia kle ya sol. Nilipoiona nilifurahi kama niliyekutana na ndugu sokoni, nikapiga re vile nilivyozoea. Sauti ikaanguka chini kabisa.

"Simama," mama akasema. "Wimbo iko unapanda ngazi. Kwa nini weye unaruka chini?"

Nikasema hiyo ndiyo re yangu. Akapiga noti tatu zikipandana, polepole, kisha akaniomba nitafute re nyingine inayofuata do yangu, si ile ya mazoea. Niliipata oktava moja juu, re ileile ya ngazi inayofuata. Hata kle yangu ya sol, kwa Mjerumani huyo, ilikuwa inasomwa kwa namna tofauti. Niliandika mshale kwa penseli juu ya noti hiyo.

Siku ya konseri, tulipocheza mbele ya watu, mama alishuka Uvira, akakaa safu ya kati na mke wangu. Ule mstari unaopanda ulitoka vizuri, na shefu aliniitikia kwa kichwa. Baadaye mama alinitumia ujumbe kupitia kwa binti yake: nilicheza vema, ila mwanzoni nilichelewa kidogo kuingia.

Bado naenda Kamanyola Jumapili kadhaa, na waumini wa kule wamezoea kusikia nyimbo za komunyo zikiwa na besi mbili, mkono wake wa kushoto na mimi huku nyuma.