Nyumba Isiyo na Nguzo

Watu wakipita Msalato husimama kutazama kuta zilizobaki za matofali mabichi na kuzisifu: majengo ya Mjerumani hayo, yamenyooka kama yamepigwa kamba. Mimi huwaacha waseme. Niliishi humo nikiwa mke mpya, wala sikuzipenda hata siku moja.

Zilikuwa nyumba za vibarua wa shamba, chumba baada ya chumba chini ya paa moja refu. Mjerumani mwenye shamba aliipenda tembe yetu, paa lake bapa la miti na udongo, akataka zake zifanane nayo. Ila nguzo alizikataa, eti zinakula nafasi. Kwetu nguzo zenye panda husimama ndani na kubeba boriti. Ukuta kazi yake ni kuzuia upepo tu. Yeye boriti alizilaza juu ya ukuta mtupu.

Mama mkwe alipokuja kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza, hakuketi kwanza. Macho yake yalikuwa yamefifia, akazunguka chumba akipapasa hewani.

"Paa hili limebebwa na nani?"

Mume wangu akacheka. "Na ukuta, mama."

"Ukuta haubebi."

Mvua za kwanza paa likavuja. Wanaume wa safu nzima wakapanda juu, wakafanya kama walivyozoea kwao: wakaongeza udongo, wakaushindilia huku wakiimba. Tangu hapo kila asubuhi nilimfuta mwanangu vumbi usoni. Karibu na mlango ukuta ukaanza kutoa tumbo. Niliogopa, nikaona haya kusema kwamba naogopa nyumba.

Mama mkwe hakuona haya. Tulikwenda naye porini, tukakata mti mgumu wenye panda na kuuchimbia katikati ya chumba, chini ya boriti. Mnyapara alipokuja kukagua, akaung'oa.

"Bibi, Bwana hataki magogo ndani ya nyumba zake."

Mume wangu alikuwepo, akatazama chini. Mama akauburuta mti wake na kuulaza kando ya ukuta. Jioni ile hakula.

Mvua kubwa ilitukuta mchana shambani tukipalilia, mtoto nimemwacha chumbani na mama mkwe. Sikungoja ruhusa ya mtu, nilikimbia. Niliiona safu ikibomoka kuanzia mwisho, chumba kimoja, kingine, halafu chetu.

Tulifukua kwa mikono. Mtoto tulimsikia kabla ya kumwona. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, viganja vyake vimekita chini, boriti mgongoni, na mwanangu yuko chini ya kifua chake, mzima, analia. Mama alikuwa amekwisha kukata roho, na bado hakuwa ameanguka.

Ilibidi tumtoe mtoto kwanza. Yeye hatukuthubutu kumgusa, kwa sababu paa lote lilikuwa juu yake.