Springi za Gari la Mama

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji moja pale Gungu. Springi ya mbele ilikuwa imekatika. Fundi, kijana mchangamfu, akaibana springi mpya kwenye kibanio chake na kuanza kukaza. Chuma kikatoa mlio mwembamba, kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Nilipojitambua nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama katikati ya bodaboda.

"Vipi dada, umeona nyoka?" akaniuliza huku anacheka.

Nikacheka na mimi. Ningemweleza nini? Lakini wewe nitakueleza.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Rusimbi, nyumba ya matofali mabichi yenye ua mpana, ua ulionukia mawese kila siku iendayo kwa Mungu. Mama aliyafuata vijijini kwa gari letu kuukuu, madumu yamepangwa nyuma mpaka usawa wa madirisha. Ndiyo, dereva alikuwa Mama. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini, na gari alilipanda kama mtu anayekwea mti uliooza. Asubuhi tulikunywa uji tukisikiliza cherehani yake barazani. Jioni ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa, halafu mimi naosha madumu kwa majivu na maji ya moto mpaka vidole vinakunjamana.

Shida ya gari lile, lilikuwa linalala kwenye kona. Springi zilikuwa zimechoka, na mafuta yakisukumana ndani ya madumu, bodi yote iliegemea upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Siku moja tukirudi mjini, kwenye kona ya mteremko yenye korongo upande wa kushoto, magurudumu ya kulia yaliinuka. Nilihisi kiti kikipanda chini yangu. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameketi nami nyuma. Hakupiga kelele, alinishika tu mkono, kucha zikazama. Gari likarudi chini kwa kishindo. Tulipofika nyumbani, Bibi akashuka na kusema, "Jeneza hilo mimi silipandi tena."

Mama akaamua kulitengeneza mwenyewe, palepale uani. Gereji hakuziamini tena, tangu siku aliporudishiwa gari nati za gurudumu hazijakazwa. Akatafuta springi ngumu zaidi na shokapu mpya, akamwita mzee jirani, mstaafu wa karakana ya reli. Mzee akazigeuza zile springi mikononi.

"Binti yangu," akasema, "hii kitu ikikubali kubanwa usidhani imekusamehe. Inakusubiri."

Maneno yale yaliniogopesha kuliko hadithi yoyote ya zimwi.

Jumamosi wakalipandisha gari kwa jeki, wakaweka magogo chini yake. Kibanio alikiunda Mzee kwa bolti ndefu mbili na vipande vya chuma, akazungushia mnyororo. Mama alipiga magoti, kanga imefungwa kiunoni, anakaza huku, anakaza kule. Upande wa kwanza ukaingia salama. Baba hakutoka barazani. Cherehani ilikuwa ikilia muda wote, lakini nilipochungulia, chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Upande wa pili bolti iliteleza. Springi sikuiona. Nilisikia mlipuko, mnyororo ukalia, vumbi likaruka kwenye ukuta wa jiko. Mama alikuwa amelala kifudifudi kando ya gari.

"Mana yanje!" Bibi akapiga ukelele, akimwita Mungu kwa Kiha chake.

Sijui Baba alivukaje ule ua. Nilimwona tu ameshamgeuza Mama, anampapasa kichwa, shingo, mabega, vidole vyake vikienda upesi kama anampima nguo. Mama alikuwa mzima. Alichubuka kiganja tu.

"Imenipita hapa," alisema, akigusa sikio.

Bibi akataka gari lichomwe moto. Mama akajaribu kushika spana, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikamponyoka. Baba akaiokota.

"Mzee atanielekeza," akamwambia. "Nitakaza mimi. Wewe kaa na mtoto nyuma ya ukuta."

"Lakini wewe unaogopa."

"Naogopa sana. Ndiyo maana nitakaza polepole."

Mama akanikumbatia nyuma ya ukuta, sikio langu kifuani mwake, nikausikia moyo wake ukidunda kama mtwangio. Kutoka uani zilikuja sauti mbili: Mzee akisema, "Huku kidogo. Sasa kule," na ule mlio mwembamba wa chuma. Niliomba kwa dua zote nilizofundishwa, na nyingine nikazitunga. Mlio ulipokoma hatukuthubutu kutoka mpaka Baba alipotuita.

Jumatatu tulikwenda kuijaribu ile kona, madumu yakiwa yamejaa. Baba alikaa mbele. Bibi naye akapanda, akinung'unika kwamba tukifa sote atabaki na nani. Kona ilipokaribia nilifumba macho, nikasubiri kiti kipande. Hakikupanda. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, gari limeshika barabara kama kupe. Mama akaliegesha pembeni, akalia. Baba alimshika bega, wala hakumwambia anyamaze.

Siku hizi barabara ile ina lami, na kona yenyewe imenyooshwa. Ukipita hutajua kwamba kuna watu waliotetemeka pale. Gari liliuzwa kama chuma chakavu. Ua wetu umejengwa vyumba vya kupanga, na hakuna anayenukia mawese humo. Baba, Bibi na yule mzee wote wametangulia.

Mama yupo, naishi naye. Nikimpeleka Kibirizi kununua dagaa, kila tukifika kwenye kona mguu wake unakanyaga kapeti kwa nguvu, unatafuta breki upande usiokuwa na breki.

"Polepole, mwanangu."

Zamani nilikuwa namjibu kwamba gari ni zima na barabara ni nzuri. Siku hizi napunguza mwendo.