Nilivyoandika "Napokea"

Jamani, kumbe jana nilimwomba Mungu anipe nyumba ya mama wa mtu.

Niliposti picha ya hoteli ya kifahari itakayojengwa kwenye kisiwa kidogo cha Karibi. Mchanga mweupe, bwawa la kuogelea. Mtoto ana homa, mimi nimechoka, nikaandika tu: "Napokea!"

Leo kazini, kwenye nyumba ya wazee hapa Arlington, Marekani, tukitandika vitanda, dada Marva akanionyesha posti yangu kwenye simu yake. Marva ametokea Karibi, na ndiye aliyenifundisha kazi hii.

"Hili neno maana yake nini?"

Nikacheka. "Namwambia Mungu hicho ni changu, anipe."

Hakucheka. Akagusa lile bwawa kwa kidole.

"Hapa ni jikoni kwa mama yangu. Kampuni inataka ahame. Majirani wameshaondoka, yeye kagoma."

Nilitamani lile shuka linifunike.

"Dada, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua, binti. Haya, shika upande wako."

Nikashika, tukamalizia vitanda vilivyobaki.

Ile posti nimeshaifuta. Nanyi mlioisambaza, ifuteni, tafadhali, na msinijibu kwamba ni picha tu.

Na mlioandika "Amina", kama mlimaanisha kweli, basi ombeni upya: mama abaki jikoni kwake.